Intakula ya Juu au ya Mbele kwa Subaru ya Barabarani

Chukua hewa ya mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 32 za Selsiasi, uipitishe kwenye turbo inayosukuma bar 1 juu ya presha ya kawaida. Itakapotoka upande wa pili itakuwa na nyuzi zipatazo 127. Katika ongezeko hilo, takriban nyuzi 67 haziepukiki, kwa sababu hewa yoyote ikikandamizwa hupata joto, kama anavyojua kila aliyejaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono kisha akaishika pampu hiyo chini kabisa. Nyuzi nyingine 28 hivi ni hasara ya turbo yenyewe, ambayo hata ikiwa nzima hufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70 au karibu na hapo.

Hewa yenye joto hilo ina madhara mawili. Kwanza ni nyepesi, hivyo geji inaweza kusoma presha kubwa ilhali silinda imepata oksijeni pungufu. La pili ndilo linalovunja injini: mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwa na joto la kupindukia, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mafundi husema injini inagonga. Kwa injini za EJ za Subaru, hasa ile ya lita 2.5, kugonga huko humaliza kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi, na zikishavunjika hakuna tiba ila kuifungua injini yote. Isitoshe, Impreza na Forester nyingi zilizoko Kenya na Tanzania zilitengenezewa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu hufika okteni 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo, kwa hiyo akiba ya usalama iliyowekwa kiwandani imeshapungua kabla hujakanyaga mafuta.

Kazi ya intakula ni kulipunguza joto hilo kabla hewa haijaingia kwenye silinda. Yenye ufanisi wa asilimia 70 hutoa asilimia 70 ya tofauti iliyopo kati ya hewa ya turbo na hewa ya nje: zile nyuzi 127 hushuka hadi 60 hivi. Presha ikibaki ile ile, hewa ya nyuzi 60 ni nzito kwa asilimia 20 kuliko ya nyuzi 127. Ila presha haibaki ile ile. Hewa ikipenya kwenye vijia vyembamba vya intakula hupoteza nguvu njiani, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, ikizalisha joto jipya. Ndiyo maana intakula hupimwa kwa vipimo viwili kwa pamoja: imepoza kiasi gani, na imemeza presha kiasi gani. Kupoteza bar 0.1 kwa mzigo kamili ni sawa. Ikifika bar 0.2 na kuendelea, intakula hiyo imekuwa kizuizi, hata iwe inang'aa namna gani.

Katika Subaru swali linalosumbua watu ni la mahali pa kuiweka. Kiwanda kiliiweka juu ya injini, chini ya ule mdomo wa hewa ulioko kwenye boneti. Wengine huing'oa na kufunga kubwa mbele ya rejeta, nyuma ya bampa. Pia kuna njia ya tatu, ya kupoza hewa kwa maji, iliyotumika kwenye Legacy RS ya mwaka 1989 na kwenye Toyota Celica GT-Four ya ST205. Hupoza vizuri kwa mbio fupi, lakini ina pampu yake, rejeta yake na mabomba yake ya kuvuja, na kwa gari la kwendea kazini sioni sababu ya kujitwisha hayo yote.

Intakula ya juu ina sifa ambayo wauzaji wa vipuri huipita haraka: njia fupi. Kutoka turbo hadi kwenye injini ni mwendo mfupi sana, viungo ni vichache, mipira ya kuchomoka ni michache. Haizibi rejeta. Udhaifu wake ni kwamba inakaa juu ya injini, jirani na turbo, na kwenye foleni ya Mombasa Road au ya Ubungo hakuna upepo unaoingia kwenye boneti. Chuma chake chote hunywa joto la injini. Foleni ikifunguka na dereva akakanyaga, mara ya kwanza injini hupewa hewa ambayo haijapozwa inavyostahili, na hiyo ndiyo dakika ya hatari. Gari likishatembea kwa kasi kwa muda, upepo huirudisha intakula kwenye hali yake.

Hata hivyo intakula nyingi za juu hulaumiwa kwa kosa lisilo lao. Fungua boneti la Subaru iliyowahi kugongwa au kubadilishwa boneti, utazame upande wa ndani. Panapaswa kuwa na mkondo wa plastiki unaoelekeza hewa ya ule mdomo moja kwa moja kwenye intakula, pamoja na mpira unaoziba mwanya uliobaki. Mkondo ukiwa haupo, au mpira ukiwa umekatika, upepo hufuata njia rahisi: huruka juu ya mapezi na kutokea pembeni. Mdomo unabaki kuwa pambo. Kurudisha vipande hivyo viwili, kunyoosha mapezi yaliyolala na kuosha mafuta yaliyoganda ndani ya intakula ni kazi ya siku moja, na kwa gari lenye turbo yake ya kiwandani naiona ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika suala hili. Mafuta hayo ya ndani hutoka kwenye hewa ya krenki na kwenye sili za turbo iliyochoka. Yanapoingia kwenye silinda hushusha okteni ya mchanganyiko.

Ya mbele huupata upepo wa kwanza wa gari, mbali na injini. Ukubwa wake unaruhusu hewa nyingi, na baada ya kupanda mlima mrefu, tuseme Kitonga ukielekea Iringa, bado huwa na uwezo ilhali ya juu imeshaanza kulemewa. Hakuna ubishi kwamba kwa injini iliyowekewa turbo kubwa, inayolenga nguvu za farasi 350 na zaidi, mbele ndiko mahali pake.

Gharama yake ndiyo haielezwi kikamilifu. Rejeta sasa inapokea hewa iliyokwisha kupita kwenye intakula na kupashwa joto. Kwenye mwendo mzuri wala hutaona tofauti. Kwenye foleni ya jua kali, feni zikiwa kuukuu na rejeta ina matope ya miaka, geji ya maji huanza kupanda, na injini hizi zinajulikana kwa kuharibika gasketi za hedi. Anayefunga intakula ya mbele bila kukagua rejeta, feni na kifuniko cha rejeta amehamisha tatizo kutoka kwenye hewa kwenda kwenye maji.

Habari ya kwamba mabomba marefu ya intakula ya mbele huichelewesha turbo, kwa upande mwingine, imetiwa chumvi. Tufanye hesabu. Mabomba ya ziada ya mita moja na nusu yenye kipenyo cha milimita 63 yana ujazo wa karibu lita 4.7. Ongeza ujazo wa ndani wa intakula kubwa, tuseme jumla ni lita 8 au 10. Injini ya lita 2 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta lita 50 hivi kila sekunde. Kujaza lita hizo 10 kwa bar 1 kunahitaji hewa ambayo injini hiyo huimeza kwa sehemu ya tano ya sekunde. Kwa vitendo huwa zaidi kidogo, maana turbo haiachi kuilisha injini wakati inajaza mabomba. Mguu utayasikia mabadiliko hayo mjini, lakini hayastahili kuwa sababu ya kuamua. Bomba la inchi tatu kwenye turbo ya kiwandani ndilo linaloongeza ujazo bila faida yoyote. Inchi mbili na nusu zinatosha.

Watu wa Nairobi huniambia kwamba kwao ni baridi, kwa hiyo jambo hili ni la watu wa Mombasa. Sivyo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni takriban bar 0.83. Ili geji isome bar 1 ile ile, turbo inapaswa kuizidisha presha ya nje mara 2.2, wakati pwani ilikuwa mara 2 tu. Hewa inayoingia na nyuzi 25 hutoka na nyuzi 133 hivi, moto kuliko ile ya Dar es Salaam iliyoanza na 32. Na upepo unaopita kwenye mapezi nao ni mwepesi, hivyo hubeba joto kidogo. Turbo ya Nairobi inafanya kazi ngumu zaidi, na intakula yake vivyo hivyo.

Usidanganywe na joto la hewa linaloonyeshwa na programu ya simu. Kwenye Impreza na Forester nyingi za miaka ya 2000, kipima joto cha hewa kimo ndani ya sensa ya hewa iliyo karibu na chujio, kabla ya turbo. Ukichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ukaona hewa ni nyuzi 38, hiyo ni hewa ambayo bado haijakutana na turbo. Kompyuta ya gari haioni intakula yako inafanya nini. Inachojua ni kelele za kugonga zinazofikia sensa nyingine kwenye bloku, na hapo hurudisha nyuma taiming na kukupunguzia nguvu. Anayetaka kujua ukweli afunge kipima joto baada ya intakula, na geji mbili za presha, moja kabla yake na nyingine baada yake. Fundi anayeuza intakula bila kukubali kupimwa hivyo anauza sura.

Sensa hiyo ya hewa pia ndiyo sababu uvujaji mdogo huleta fujo kubwa. Kompyuta imeshaihesabu hewa na kumwaga petroli inayolingana nayo. Hewa hiyo ikitorokea kwenye klampu iliyolegea baada ya turbo, petroli inabaki nyingi, moshi mweusi unatoka na plagi zinaziba. Intakula ya mbele ina viungo vingi kuliko ya juu, kwa hiyo baada ya kuifunga mfumo mzima ujazwe hewa na kusikilizwa kabla injini haijawashwa. Kisha kompyuta irekebishwe na mtu anayeijua Subaru, gari likiwa kwenye mzigo halisi.

Katika maduka ya Kirinyaga Road na Gerezani utakuta intakula mpya za bei ndogo zenye umbo la zile maarufu. Chungulia kwenye tundu la kuingilia. Ndani ya kila kijia panatakiwa kuwa na mapezi membamba yanayoipokonya hewa joto lake. Za bandia huwa na mapezi machache au hazina kabisa, hivyo hewa hupita kwa urahisi na kutoka karibu na joto lake lile lile. Zilizojengwa kwa bamba nene ni nzito, huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Za mirija myembamba ni nyepesi na huruhusu upepo mwingi kufika kwenye rejeta nyuma yake. Kwa gari la foleni na safari za mara kwa mara, ningependa za mirija zikiwa zinakaa mbele.

Kwa mwenye Impreza WRX au Forester yenye turbo ya kiwandani, anayetaka nguvu kidogo na injini idumu, ushauri wangu ni intakula ya juu ya STI iliyotumika, ambayo ni kubwa kuliko yake, ikiwa na mipira na vishikizo vyake, pamoja na mkondo wa boneti unaolingana nayo. STI nyingi zilikuja pia na kitufe cha kuinyunyizia intakula maji, na ukipata tangi lake na pampu yake, chukua. Aliyekwisha kubadilisha turbo aende mbele, na bajeti yake ihesabu rejeta na kazi ya kompyuta tangu mwanzo.

Na kama intakula ya mbele uliyoletewa haiingii mpaka fundi akate chuma cha kugongea kilicho nyuma ya bampa, mwambie aache. Tafuta ndogo zaidi. Chuma hicho kimewekwa kwa ajili ya miguu ya watu waliokaa mbele.