Madaba Ipi? Maneno, Ramani na Daftari la Wagonjwa

Mfumo wa taarifa za kijiografia ni utaratibu wa kompyuta unaounganisha tukio na mahali pake. Chimbuko lake halipo mbali nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson alitakiwa kutafuta eneo la kupanda miti nchini Kenya. Kulinganisha ramani kwa mkono kulikuwa ghali mno, naye akafikiria kompyuta, wazo aliloliendeleza baadaye serikalini Kanada.

Leo tafiti zinazotumia mifumo hiyo ni nyingi kiasi kwamba hakuna awezaye kuzisoma zote. Kwa hiyo watafiti huiachia kompyuta ihesabu maneno yanayoandamana katika makala na kuyapanga kwa mafungu. Mbinu mojawapo mashuhuri ilichapishwa mwaka 2003 na David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan. Fungu lenye "mbu", "mvua" na "chandarua" huashiria malaria. Lenye "zahanati", "umbali" na "barabara" huashiria ufikiaji wa huduma. Fungu likikua mwaka hadi mwaka, mwelekeo wa utafiti hudhihirika.

Hata hivyo, kompyuta hujua kilichoandikwa tu. Tuitazame Madaba, mkoani Ruvuma. Nchini Jordan kuna mji wenye jina hilohilo, maarufu kwa ramani ya vigae ya karne ya 6. Programu isiyoelekezwa yaweza kuchanganya maandiko ya huko na ya kwetu. Tena, Madaba ilikuwa sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea kabla ya kupata halmashauri yake, hivyo wagonjwa wa Wino au Mahanje katika kumbukumbu za zamani huhesabiwa chini ya Songea. Uchache wa maandiko kuhusu mahali si ushahidi kwamba hapana ugonjwa.

Athari zake humfikia mgonjwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria huzipanga halmashauri kwa viwango vya maambukizi, na hatua za kinga huchaguliwa kufuatana na viwango hivyo. Wagonjwa wa Mtyangimbole wakiandikwa "Songea" tu, ugonjwa utaonekana kupungua ulipo na kuongezeka usipokuwapo.

Mhudumu wa afya na aandike kijiji, kata na halmashauri anakoishi mgonjwa, si mahali kilipo kituo. Mgonjwa naye ataje kitongoji chake na safari za majuma ya karibuni, kwa kuwa malaria yaweza kupatikana mbali na nyumbani. Ramani haihitaji jina la mgonjwa; yahitaji mahali palipoandikwa kwa usahihi.