Mbona Plasta Inabanduka Ukutani?

Akina mama wa kikundi kimoja walichanga pesa mwaka mzima ili chumba cha chekechea kipigwe plasta. Kazi iliisha mwezi wa Januari, jua likiwa kali. Mvua ya Aprili ilipoanza, kipande kikubwa kama mlango kikaanguka sakafuni. Bahati watoto walikuwa nje. Lawama zikaanza hapo hapo: fundi anasema alipewa simiti kidogo, wanakikundi wanasema fundi aliiuza. Kile kipande kilipogeuzwa, nyuma yake kulikuwa na vumbi jekundu tupu. Simiti haikuwa na kosa. Ilishika vumbi, haikushika tofali.

Kwa hivyo ndugu wanakikundi, kabla hamjanunua mfuko mwingine, geuzeni kipande kilichoanguka mkitazame. Kikiwa na vumbi, ukuta haukusafishwa. Kikiwa kigumu lakini nyuma ni laini kama sahani, ukuta ulikuwa laini mno na plasta haikupata pa kushika. Kikivunjika kama unga mkononi, pengine mchanga una udongo mwingi, au simiti ilikuwa imekaa mpaka ikashika mabonge, au fundi aliongeza maji kwenye mchanganyiko ulioanza kuganda. Lakini mara nyingi, hasa kwenye matofali ya kuchoma, ni kiu.

Tofali la kuchoma hunywa maji sana. Ukilipaka plasta likiwa kavu, linafyonza maji yote ya plasta, na simiti bila maji haiwezi kukomaa. Jaribu mwenyewe: mwagia ukuta kikombe cha maji. Yakipotea mara moja, huo una kiu. Umwagilie jioni, na tena asubuhi kabla ya kazi. Uwe na unyevu, lakini usiwe unang'aa maji, maana hapo plasta itateleza.

Mchanga nao upimwe. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo mpaka nusu, jaza maji, weka kijiko cha chumvi, tikisa sana, uache mpaka kesho. Udongo utakaa juu ya mchanga kama utando. Ikiwa mchanga ni sentimita 10 na utando umezidi sentimita 1, uoshe mchanga huo au mtafute mwingine.

Sasa kurekebisha. Msibomoe ukuta wote! Gongeni polepole kwa mpini wa nyundo. Mahali palipoachana hulia kama debe tupu, mkapazungushie alama ya makaa. Bomoeni hapo tu, mpaka mfikie plasta iliyoshika vizuri. Kwangueni simiti katikati ya matofali iingie ndani kama sentimita 1, pigeni brashi, mwagieni maji. Halafu changanyeni simiti debe 1 na mchanga debe 2, iwe nyepesi kama uji mzito, muirushe ukutani kwa mwiko. Isisawazishwe. Ule ukwaruzo ndio utakaoshika plasta. Mafundi wengi huruka hatua hii wakisema ni kupoteza simiti, na hapo ndipo pesa za kikundi zinapotea.

Kesho yake mpige plasta yenyewe: simiti 1 kwa mchanga 5, isizidi unene wa sentimita moja na nusu kwa mara moja. Ukuta ukiwa na mabonde, pigeni mara mbili, na ile ya kwanza ikwaruzwe kwa msumari kabla haijakauka. Kisha maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mkitundika magunia yaliyoloweshwa, jua halitawasumbua.

Kuna wanaofikiri dawa ni kuongeza simiti. Hapana. Plasta yenye simiti nyingi mno hujikunja inapokauka, hupasuka, na kujivuta kutoka ukutani.

Nyumba za udongo zina shida yao. Udongo huvimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka, lakini simiti haifuati. Wakiachana, maji huingia kwenye ufa, ukuta unaoza nyuma huku mbele panaonekana pazuri. Huko ni afadhali plasta ya udongo na mavi ya ng'ombe, au ya chokaa, ambayo watu wa Lamu wameitumia kwa karne nyingi juu ya mawe ya matumbawe. Mkitaka simiti lazima, pigilieni kwanza waya wa kuku kwenye nguzo na fito, na paa litokeze mbele ya kutosha ili mvua isipige ukuta.

Na ikiwa plasta inaanguka chini tu, karibu na sakafu, ikiwa na unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hapo chimbeni mtaro wa kuyaondoa kwanza. Fundi atasubiri.