TAMTHILIA ILIYOFUFUKA

Je, tamthilia ya runinga ikishakufa yaweza kufufuka? Twin Peaks ya Marekani ilikufa mwaka wa 1991, ikafufuka mwaka wa 2017. Hebu tuone ilikuwaje.

Tamthilia hii ilibuniwa na David Lynch na Mark Frost. Kituo cha ABC kilianza kuionyesha Aprili 1990. Msichana wa shule, Laura Palmer, anapatikana ameuawa, maiti yake imefungwa kwa plastiki kando ya maji. Mpelelezi Dale Cooper anatumwa kumsaka muuaji. Lakini huyu si askari wa kawaida! Anafuata ndoto zake na kusifu kahawa kila aendapo. Kuna pia mama abebaye gogo ambalo eti huongea naye. Tena kuna pepo aitwaye Bob ambaye huingia watu.

Basi ilikufaje? ABC iliishi kwa matangazo ya biashara. Watazamaji wakipungua, pesa nazo hupungua. Wakubwa wa kituo walishikilia kwamba muuaji atajwe, naye akajulikana Novemba 1990. Sote twajua kuwa anayetega kitendawili hatoi jibu mpaka apewe mji. Hapa jibu lilitolewa bure, na watazamaji wengi wakaenda zao. Lynch mwenyewe alisema ni kama kumchinja ndege atagaye mayai ya dhahabu. Juni 1991 tamthilia ikakatwa, Cooper akiwa amenaswa katika ulimwengu wa mapepo.

Hata hivyo, katika kipindi hicho cha mwisho Laura alimwambia Cooper kwamba wangeonana tena baada ya miaka 25. Mashabiki hawakusahau. Safari hii iliyoirudisha ni Showtime, kituo ambacho watazamaji hukilipia wenyewe, kwa hivyo hakuna mwenye sabuni wa kuharakisha hadithi. Vipindi vilikuwa 18, vyote vikaongozwa na Lynch. Waigizaji wengi walirudi wakiwa na mvi. Catherine Coulson, yule mama wa gogo, aliigiza akiwa mgonjwa sana, akafariki Septemba 2015 kabla ya kujiona kwenye runinga. Lynch naye alituaga Januari 2025.

Msimu huo wa 3 pia uliisha kwa fumbo, na wengine walikasirika. Mimi naona ni sawa. Nasi tuandikao hadithi za chama chetu tusikimbilie kutoa jibu ukurasa wa kwanza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Msomaji naye tumwachie kazi kidogo, ama sivyo?