Yai la Mamba Si la Mwenye Shamba

Kobe aliyeingia uani pale Minjila, akazoea maganda ya matikiti mpaka watoto wakampa jina, si wa mwenye ua. Ni mnyamapori, na mnyamapori Kenya ni mali ya umma, hata kama alikuja kwa miguu yake mwenyewe na kukuta mlango wazi. Ukimzuia umekwisha kuwa mfugaji, na mfugaji wa mnyamapori hudaiwa kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Nimeanza na kobe kwa kuwa watu wengi wa Tana River hawamtii hesabuni. Wanyamapori wakitajwa, mawazo huenda kwa ndovu na kiboko. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haichagui kwa ukubwa wa umbo. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12, na kisa chenyewe kilihusu wadudu, chungu. Walipatikana kaunti ya Nakuru na chungu wapatao 5,000, wamehifadhiwa katika vichupa vyembamba vyenye pamba. Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walioshtakiwa kwa kosa kama hilo walipewa adhabu iyo hiyo. Ikiwa chungu amemfikisha mtu kwenye milioni 1, kinyonga wa Ngao si mchezo.

Vijana wa Garsen wanaouliza kuhusu sheria hizi mara nyingi wanawazia biashara. Wameona kwenye simu jinsi Wazungu wanavyonunua nyoka na vinyonga kwa bei za kushangaza, na wao kila mafuriko yakija hukuta chatu amejikunja kwenye migomba. Hapa kuna mali, mbona hatuuzi? Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Kenya ilijiunga na mkataba wa CITES mwaka 1978. Mkataba huu ndio unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, nao hugawa viumbe katika viambatisho. Kasa wote wa baharini, wakiwemo wanaokuja kutaga upande wa Kipini, wako Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara yao ya kimataifa imefungwa. Chatu, kenge, vinyonga na kobe madoadoa wako Kiambatisho cha Pili: biashara yawezekana, lakini kwa vibali na kwa idadi isiyoangamiza kizazi. Mamba wa Mto Nile, ambaye ndiye mamba wa Tana, yuko Kiambatisho cha Kwanza katika nchi nyingi, ila Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoruhusiwa kumweka cha Pili. Swila na bafe hawamo kabisa katika orodha hiyo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kutokuwamo katika CITES hakumfanyi nyoka kuwa huru, kwa sababu sheria ya nyumbani inamhesabu bado.

Tena mlango wa kuuza nje haufungwi na sisi peke yetu. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya alisafirishwa nje kwa wingi hadi Kenya ilipopiga marufuku mwaka 1981, na wale waliofika Hawaii mwaka 1972 wakaachiliwa huko wamezaana hadi leo. Marekani ilizuia kuingizwa kwa kobe madoadoa, huyu huyu wa kwetu, mwaka 2000, kwa kuhofia kupe wanaobeba ugonjwa wa maji moyo unaoua ng'ombe. Mwaka 2012 ikamtia chatu wa Afrika kwenye orodha ya wanyama wenye madhara. Tanzania, iliyokuwa ikiuza nje vinyonga na vyura wengi kuliko sisi, ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa Tarasaa kwamba kuna mnunuzi anamsubiri chatu wake, ama hajui, ama anamtafutia kesi.

Mwenye nia ya kweli ya kupata riziki kwa reptilia katika delta hii ya Tana, mimi nitamwelekeza kwa mamba. Sababu ni kwamba njia yake imekwisha kukanyagwa. Mombasa kuna Mamba Village ya Nyali, na mashamba ya pwani yamekuwa yakilea mamba kutokana na mayai ya porini yaliyokusanywa kwa idhini kando ya Mto Tana. Mamba jike huchimba shimo kwenye mchanga wa ukingo maji yanapopungua, akataga mayai 50 hivi, akafukia na kukaa karibu akilinda. Kenge hungoja aondoke kidogo tu. Mayai mengi huishia tumboni mwa kenge au huzama mto ukijaa kabla ya wakati wake, na vitoto vinavyoanguliwa ni vichache sana vinavyofikia utu uzima. Hiyo ndiyo hoja ya kitaalamu ya kuruhusu mayai yachukuliwe: unachukua yale ambayo mto na kenge wangeyamaliza.

Kuyachukua kwenyewe ni kazi ya ufundi. Katika siku ya kwanza kijusi hujishikiza kwenye utando wa juu ndani ya yai. Ukiligeuza yai baada ya hapo, kijusi hufa, na hutajua mpaka miezi mitatu ipite bila kuanguliwa kitu. Ndiyo maana mkusanyaji hupiga alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuliinua, akalipanga kwenye sanduku lenye mchanga au mboji alama ikiwa juu vile vile, na barabara yote ya kutoka ukingoni, yenye mashimo kama zilivyo barabara zetu, akalishikilia sanduku kama aliyebeba mgonjwa. Huko kwenye kiangulio joto huamua jinsia. Kati ya nyuzi 32 na 34 hivi hutoka madume wengi. Chini ya 31, majike. Ni siku 90 hivi hadi kitoto kilie ndani ya yai.

Sasa ukingo ule ni wa shamba la mtu, Mpokomo aliyerithi kwa babu yake na ana migomba na miembe hapo. Je, yai ni lake? La. Anaweza kulipwa kwa kuonyesha kiota, kwa kulinda kisiharibiwe, au kwa kushiriki kukusanya chini ya leseni ya shamba lenye kibali. Akichukua mwenyewe na kuuza, amefanya kosa sawa na jangili mwingine. Nadhani sheria hapa ingeweza kuwa na mkono laini zaidi kwa mtu anayeishi na mamba, anayepoteza mbuzi na pengine mtoto kwenye kivuko. Lakini ndivyo ilivyo, na njia nyoofu kwa watu wa delta ni kujiunga kikundi na kufanya mapatano ya maandishi na mwenye leseni, bei ya yai ikiwa imeandikwa.

Kuhusu leseni yenyewe, watu huiogopa bure. Ada ya ofisini siyo inayofilisi mtu. Unaomba kwa KWS, kamati ya wanyamapori ya kaunti inahusishwa, maafisa wanakuja kutazama mahali, NEMA, mamlaka ya mazingira, inataka tathmini ya athari, na kaunti inadai leseni yake ya biashara. Baada ya hapo ni daftari: waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, na kila ngozi inayotoka nchini kuwa na lebo yake yenye namba. Wanaokumbuka wimbi la kufuga kware la 2013 na 2014 wanajua kwamba leseni si soko. Watu walikimbilia KWS kuandikishwa, wakajaza vizimba, na bei ikaporomoka kabla hata ya wengine kupata vifaranga.

Kinachofilisi ni muda na kuta. Mamba hafikii ukubwa wa kuuzwa ngozi kabla ya miaka mitatu hivi, na muda wote huo anakula nyama: mabaki ya machinjioni, samaki, kuku waliokufa wakiwa hawana ugonjwa. Miaka mitatu bila senti kuingia ni mirefu kwa mtu anayekopa. Kuta nazo, kwa Garsen, ni hadithi nyingine. Novemba 2023 maji ya El Niño yalikata barabara na kuwahamisha watu vijijini, na Aprili na Mei 2024 yakarudi. Bwawa lililojengwa kwa kipimo cha kiangazi linakuwa sehemu ya mto siku hiyo. Mamba wa porini akimuua mtu, sheria ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kutoka serikalini, ingawa familia zinazoisubiri hapa Tana zinajua kusubiri kulivyo. Mamba wa bwawa lako akitoka na kuua, jamaa za marehemu watakuja mlangoni kwako wewe. Kwa hiyo mwekezaji mwenye akili atajenga mbali na bonde, pengine Kilifi au Mombasa, na delta ibaki kuwa chanzo cha mayai. Si habari ya kupendeza kwa anayetaka kiwanda Garsen, lakini delta hii ya hekta 163,600 imeorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2012 kama ardhi oevu, na ardhi oevu ndivyo inavyofanya, hujaa.

Reptilia wa kuletwa kutoka ng'ambo hesabu yao ni tofauti. Wapo jamaa zetu walioko Ghuba wanaoona iguana na nyoka wa rangi madukani wakataka kurudi na mmoja. Kwanza wajue kwamba hata huko mambo yamebanwa: Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari. Pili, iguana na chatu wote wako CITES, basi nchi anayotoka mnyama hutoa kibali cha kumtoa, na KWS hutoa cha kumwingiza. Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete, nayo hutoa idhini ya afya, na daktari wa mifugo wa nchi ya huko husaini cheti. Sanduku la ndege lina masharti yake ya ukubwa na hewa. Hatimaye kuna KRA, mamlaka ya mapato, na wakala wa forodha, ambaye hulipwa mnyama aingie asiingie. Mpangilio ni muhimu kuliko wingi wa karatasi: kila kibali kiwe mkononi kabla mnyama hajapanda ndege. Akifika JKIA bila kimoja, hukamatwa au hurudishwa kwa gharama ya mwenyewe, na wengi hufia kwenye sanduku.

Vyura ndio ningewakataa kabisa kama ningeulizwa. Kuna ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura, na ngozi ndiyo inayowasaidia kupumua na kunywa. Umechangia kupungua kwa aina 500 hivi za vyura na jamaa zao duniani, na aina 90 hivi zinadhaniwa zimetoweka. Biashara ya wanyama hai ndiyo iliyoubeba kuvuka bahari, ikiwemo ile ya chura wa Afrika Kusini aliyesafirishwa kote duniani kuanzia miaka ya 1930 kwa ajili ya kupima mimba hospitalini. Chura mmoja wa pambo akitupwa Ziwa Shakababo na mtoto aliyemchoka, hakuna afisa wa kuufuata ukungu huo majini.

Nyoka wa sumu wana mlango mmoja ulio wazi, nao ni wa elimu na tiba. Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980, huonyesha nyoka kwa wageni na pia huwasaidia walioumwa kupata dawa. Makumbusho ya Taifa yana bustani ya nyoka Nairobi tangu 1961. Kenya bado huagiza dawa ya sumu ya nyoka kutoka nje, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen, wanafuga nyoka kwa ajili ya kazi hiyo. Mtu binafsi anayetaka kuanzisha kituo kama hicho kando ya barabara ya Lamu, wapitapo magari ya watalii, anaweza kuomba. Lakini ajitayarishe kujibu mambo ambayo hayamo kwenye fomu. Dawa inayofaa koboko na swila utaiweka wapi, katika friji gani, na umeme ukikatika siku mbili? Ni chupa ngapi, maana moja mara nyingi haitoshi mgonjwa mmoja? Mhudumu akiumwa saa nane za usiku na barabara ya Malindi imejaa maji, atapelekwa na nani? Gharama ya majibu hayo ndiyo ya kuandika juu kabisa ya bajeti, kabla ya vioo na tiketi za mlangoni.