Mwalimu Mwanafunzi Asiachwe Peke Yake

Kila mwaka vijana wa vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vyetu hufunga mizigo yao na kutawanyika nchini kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Wengine hupangiwa mijini, wengine mbali na miji. Watu wengi hulihesabu jambo hili kuwa dogo, kama desturi ya chuo isiyomhusu mtu wa nje: kijana anakwenda, anafundisha majuma kadhaa, anakaguliwa, anapewa alama zake na kurudi. Sisi twaona vingine. Twaona ya kwamba katika majuma hayo machache ndipo taifa linapompata mwalimu au linapomkosa. Na tena, jambo lisemwalo kwa nadra, ndipo watoto wa watu wanapolipa gharama ya mafunzo yake. Kwa sababu hiyo twapenda leo kusema machache juu ya mazoezi haya, na mfano wetu tutautoa Chumbi.

Chumbi i katika Wilaya ya Rufiji, upande wa kusini wa mto, katika njia iendayo Kilwa na Lindi. Msafiri atokaye Dar es Salaam hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka wa 2003. Kabla ya hapo watu walingoja pantoni huko Ndundu, na masika yalipokuwa makali njia ilikatika, kusini yote ikawa kama nchi nyingine. Leo daraja lipo, basi lapita, na mwalimu mwanafunzi aweza kufika kwa safari ya siku moja. Lakini kufika Chumbi ni jambo moja, na kuwafikia watoto wa Chumbi ni jambo jingine.

Sisi tuliopita njia hii ya kujifunza ualimu twaujua mzigo anaokwenda nao kijana huyo. Ana andalio la somo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri. Ana azimio la kazi, ana zana alizozichora usiku juu ya karatasi za manila. Dakika arobaini za kipindi amezigawa kama mtu agawaye nyama ya shughuli: hizi za utangulizi, hizi za maarifa mapya, hizi za kuyaimarisha, hizi za kupima. Aingia darasani, asalimiwa kwa sauti moja, aandika tarehe ubaoni. Kisha auliza swali lake la kwanza kwa Kiingereza, na darasa lote lanyamaza.

Kimya hicho ndicho mwalimu wa kwanza wa kila mwalimu mwanafunzi. Vitabu vya chuo havikieleza. Kipo kimya cha mtoto asiyejua jibu. Kipo kimya cha mtoto alijuaye jibu kwa Kiswahili lakini hana neno lake la Kiingereza. Kipo kimya cha mtoto aliyetembea mwendo mrefu tangu alfajiri bila ya kutia kitu kinywani, na kipo kimya cha adabu, cha mtoto aliyefunzwa nyumbani kwamba mbele ya mkubwa mtu hakurupuki kusema. Kwa macho vyote ni sawa. Kujua hiki ni kipi ndiyo nusu ya kazi ya ualimu, na hapana mtu awezaye kuijua nusu hiyo ila kwa kusimama mbele ya watoto siku baada ya siku.

Mtoto wa Chumbi aingiapo kidato cha kwanza amekwisha soma miaka yake yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa tangu mwaka wa 1967 katika shule za Serikali. Wako waliotoka katika nyumba ambamo wazee huzungumza Kindengereko au Kimatumbi. Ghafula, historia, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe vyamjia kwa lugha asiyoisikia sokoni, wala msikitini, wala shambani. Mwalimu mwanafunzi naye alipita mlango huo huo miaka michache iliyopita. Auliza, «Mmeelewa?» Darasa lajibu, «Ndiyo!» Akisahihisha madaftari jioni aona ya kwamba «ndiyo» ile ilikuwa heshima tu. Mkaguzi akiwapo hufundisha Kiingereza kitupu. Mkaguzi akiondoka hurudi katika Kiswahili ili watoto wapate angalau kushika maana. Hatutaki leo kuhukumu sera ya lugha, maana hiyo ni shauri pana. Twasema tu kwamba kijana huyo amebebeshwa kazi ya walimu wawili, wa somo na wa lugha, naye bado hajahitimu hata mmoja.

Lakini akiwa na masikio, kijiji kile kitamfundisha. Tutoe mfano wa somo la jiografia. Vitabu vingi huyataja mafuriko kama maafa. Mtoto wa Rufiji ajua zaidi ya hayo. Ajua kwamba mto huu, uliokusanya maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, ndio mkubwa kuliko yote katika nchi yetu, na kwamba maji yake yana tabia mbili. Yako mafuriko yaletayo tope la rutuba juu ya mashamba na samaki katika mabwawa. Na yako mafuriko yaharibuyo, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba za watu wengi katika Rufiji na Kibiti. Ajua kilimo cha mlau: maji yakipungua, mahindi hupandwa katika ardhi iliyobaki na unyevu, nayo humea hata mvua ikikatika. Mwalimu akiuliza, «Kwa nini mahindi ya mlau hustawi pasipo mvua?» atastaajabu kuona mikono inainuka kutoka viti vya nyuma, kwa watoto aliodhani hawana kitu. Somo zima la udongo limekwisha kuwamo vichwani mwao. Lililobaki ni kulipanga na kulipa majina mapya. Vivyo hivyo mikeka ya ukindu, ambayo akina mama wa Rufiji ni mafundi wake. Katika kipande kimoja cha ukili uliosukwa kwa rangi mna hesabu za mifuatano na za maumbo za kutosha kwa vipindi vingi.

Tuchukue na jambo la mahudhurio. Mwalimu mwanafunzi afungua daftari aona jina la mtoto na mbele yake alama za kutokuwapo, juma zima. Mtu wa haraka ataandika «mtoro». Lakini mwenye kuuliza ataambiwa habari ya madungu. Mwishoni mwa miaka ya sitini, kufuatia mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliwahamisha wakulima wa bonde kwenda vijiji vya ujamaa vilivyo juu, maji yasikofika. Nyumba zilihama, mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni. Basi msimu wa mpunga ukifika, jamaa nzima hushuka na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kuwinga ndege na kuulinda mpunga na nguruwe na viboko. Mtoto aliyekosekana darasani huenda yuko huko, analinda chakula cha mwaka. Hatusemi kwamba ni haki akose shule. Twasema kwamba mwalimu aliyejua sababu atazungumza na mzazi kwa njia moja, na asiyejua atazungumza kwa njia nyingine, na ni mmoja tu kati yao atakayemrudisha mtoto darasani.

Hayo yote hujifunzwa pole pole, tena kwa kuongozwa. Na hapa ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Shule nyingi za sekondari za kata, hasa zilizo mbali na miji, zina upungufu wa walimu, na upungufu huo wauma zaidi katika hesabu na masomo ya sayansi. Katika shule ya namna hiyo mwalimu mwanafunzi hupokewa kama mvua baada ya kiangazi. Mara hupewa vidato viwili, vitatu. Vipindi vilivyokuwa vitupu vyajazwa kwa jina lake. Na mwalimu aliyepaswa kuketi nyuma ya darasa na kumtazama yuko darasa la pili, naye amelemewa vile vile. Kijana yu peke yake. Hapana amwambiaye, «Hapa umekwenda mbio,» wala, «Yule mtoto wa dirishani hukumwuliza hata mara moja.» Mkufunzi wa chuo aja mara chache, atazama kipindi kimoja, aandika alama, aondoka kuwahi shule nyingine. Majuma yakiisha kijana naye huondoka, na mara nyingi mada imefika katikati. Watoto hubaki na nusu ya somo na kumbukumbu ya mwalimu mwema aliyewaaga.

Kuna watakaotujibu, «Je, si afadhali mwalimu mwanafunzi kuliko darasa tupu?» Ni afadhali, nasi hatubishi. Watoto wengi wa nchi hii wameijua hesabu yao ya kwanza kutoka kwa kijana aliyekuwa katika mazoezi. Lakini jibu hilo limetumika mno katika historia yetu, nasi hatuna budi kuliangalia vema. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka wa 1974, nchi ilipoamua kumpa kila mtoto elimu ya msingi upesi, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakafundishwa kazi huku wakiifanya, kwa masomo ya posta na ya redio. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka wa 2004 na shule za kata zikaota kila mahali, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa madarasani. Watu wakawapa jina la utani la «Voda Fasta», kwa mfano wa vocha za simu. Wengi wao walifanya kazi kwa moyo, na baadhi wakajiendeleza wakawa walimu hodari. Heshima yao hatuiondoi. Lakini mara zote mbili haraka ya taifa ililipiwa na mtoto aliyekuwa dawatini mwaka ule, na mtoto huyo hakurudishiwa mwaka wake. Mtihani wa kidato cha pili haumsamehe kwa sababu mwalimu wake alikuwa bado anajifunza.

Upweke huo una hatari nyingine. Kijana asiye na wa kumwongoza, darasa likimshinda, hutafuta nguvu mahali pengine, na iliyo karibu ni fimbo. Nchi nzima inakumbuka mwezi wa Oktoba 2016, picha zilipoenea za walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Serikali ilitangaza kuwafukuza chuoni waliohusika, nasi twaona ilistahili. Kanuni za adhabu ya viboko zilikuwa wazi tangu hapo: mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na adhabu huandikwa katika daftari. Lakini adhabu hutolewa mambo yakiisha kuharibika. Ulezi huja kabla, na ulezi ndio tunaoutaka.

Taifa hili lilimwita kiongozi wake wa kwanza kwa jina la kazi yake. Julius Nyerere alijifunza ualimu Makerere tangu 1943 hata 1945, akafundisha Tabora na baadaye Pugu, mpaka mwaka wa 1955 alipouacha ualimu kwa ajili ya siasa. Nchi imtukuzayo mtu kwa jina la Mwalimu haifai kuifanya njia ya kuupata ualimu kuwa bahati nasibu.

Basi twashauri nini? Kwanza, kila mwalimu mwanafunzi awe na mwalimu mlezi ajulikanaye kwa jina, aketiye darasani mwake walau mara moja kila juma na kuzungumza naye baada ya kipindi. Na kazi hiyo ihesabiwe katika vipindi vya mlezi, isiwe hisani. Pili, asipewe vipindi vingi kupita awezavyo kuviandaa. Tatu, siku ya kuondoka akabidhi kwa maandishi: mada imefika wapi, mtoto gani amekwama na kwa sababu gani. Nne, vyuo visiwarundike vijana katika shule za mijini kwa sababu huko nauli na malazi ni rahisi. Chumbi nayo inahitaji walimu, na mwalimu ajifunzaye Chumbi atajua mambo ambayo hatayajua penye lami na taa. Lakini akipelekwa huko, mkufunzi wake na afike huko pia.

Kwenu wazazi wa Chumbi na wa vijiji vyote vya namna yake: kijana huyu mgeni ni mtoto wa mwenzenu. Mwonyesheni bonde, mwelezeni misimu ya mto, mwambieni mtoto wenu anashinda wapi wakati wa mpunga. Nanyi vijana mnaokwenda, andalieni masomo yenu vizuri. Kisha, darasa linyamazapo, msilijibu kimya kwa hasira. Ulizeni kwa njia nyingine, kisha ngojeni. Jibu lipo, nalo mara nyingi limekaa kiti cha nyuma.