Bima ya Afya kwa Wote: Yaliyobadilika katika Sheria na Maana Yake kwa Wakazi wa Kyela

Katika kata ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, fedha na maradhi haviji kwa msimu mmoja. Mkulima wa mpunga hushika fedha baada ya mavuno. Malaria na magonjwa ya kuhara, kwa upande wake, hushamiri wakati wa masika, mito inapofurika na akiba ya nyumbani inapokaribia kwisha. Mgonjwa akilazwa kipindi hicho, familia hukopa, au huuza kwa bei ya hasara mpunga ambao bado uko shambani. Bima ya afya imekusudiwa kuziba pengo hilo. Makala haya yanaeleza mabadiliko ya sheria ya bima ya afya nchini Tanzania, pamoja na mambo ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyazingatia.

Tulikotoka

Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa kwanza wilayani Igunga mwaka 1996, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kuwahudumia watumishi wa umma, ambapo mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Mwaka 2018 CHF iliboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi za rufaa.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wa aina mbili. Kwanza, ulikomea ngazi ya mkoa. Mgonjwa kutoka Kyela aliyehitaji matibabu ya kibingwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya alijikuta nje ya mipaka ya kadi yake. Pili, kujiunga kulikuwa kwa hiari. Penye hiari, mwenye maradhi hujiunga upesi na mwenye afya husubiri. Mfuko hupokea michango michache na kulipa gharama nyingi. Mpango wa Toto Afya Kadi wa NHIF, uliotoza shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ulikumbwa na tatizo hilo. Mwezi Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule.

Yaliyomo katika sheria mpya

Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote uliwasilishwa bungeni Septemba 2022. Uliahirishwa baada ya kuibuka hoja nzito, mojawapo ikiwa ni nani atawalipia wasio na uwezo. Baada ya marekebisho, Bunge liliupitisha tarehe 2 Novemba 2023, na sasa ni Sheria Na. 13 ya mwaka 2023.

Sheria hiyo ina misingi mitatu. Wa kwanza ni ulazima: kila mkazi anapaswa kuwa na bima, awe mwajiriwa, mvuvi wa Ziwa Nyasa au mkulima wa kokoa. Wa pili ni kaya: bima humhusu mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wa tatu ni kuwapo kwa mfuko maalumu wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao vyanzo vyake ni pamoja na kodi na tozo za bidhaa kama vileo na vinywaji vyenye kaboni.

Msamaha na bima havifanani

Tangu mwaka 1994 kumekuwapo utaratibu wa msamaha kwa makundi kama wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na watu wasio na uwezo. Utaratibu huo umeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, msamaha humwondolea mgonjwa malipo bila kukipa kituo fedha. Zahanati iliyotibu wenye msamaha wengi hubaki na rafu tupu, na mwenye msamaha huandikiwa dawa akanunue dukani. Anakuwa na haki kwenye karatasi, lakini dawa hana.

Bima huenda njia nyingine: mfuko hukilipa kituo kwa huduma aliyopewa mgonjwa, hata kama michango yake imelipwa na serikali. Kwa sababu hiyo, kumtambua kwa haki asiye na uwezo ni jambo zito. Kaya maskini ikiachwa nje ya orodha, ulazima wa sheria utaigeukia kuwa mzigo. Viongozi wa vijiji na maafisa ustawi wa jamii wana wajibu mkubwa hapa.

Kwa mhudumu wa afya

Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao, na baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama kwa kutoridhika na bei zake. Mhudumu anapaswa kukijua kitita kinachotumika, ili amweleze mgonjwa mapema kipi kimo na kipi hakimo. Fomu zijazwe kikamilifu: utambuzi wa ugonjwa, dawa, vipimo na saini. Fomu yenye kasoro hukataliwa, na hasara hukirudia kituo chenyewe, hatimaye wagonjwa wake.

Kwa mgonjwa na familia

Lipa michango wakati wa mavuno, ukiwa mzima, na uangalie tarehe ya kadi kwisha kabla ya masika. Hakikisha majina ya wategemezi yameandikwa sawasawa na yalivyo katika vyeti vyao. Anzia zahanati au kituo cha afya, nawe uombe barua ya rufaa kabla ya kupanda gari la Mbeya, isipokuwa kwa dharura. Ikumbukwe pia kwamba Kyela imo mkoani Mbeya. Jina la Katumba Songwe lisimfanye mtu atafute huduma za mkoa katika Mkoa wa Songwe. Asiye na uwezo asikae kimya: aende kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii aombe kutambuliwa, mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi.