Fundi wa Mashine ya Kusafisha Damu: Elimu Yake na Amana Yake

Wazazi wengi, kijana wao akimaliza skuli, humtakia kazi mbili tatu zinazojulikana na kila mtu: udaktari, uwakili au ukarani wa serikali. Kazi hizo ni njema, wala hatuna neno nazo. Lakini hospitali ya serikali ina kazi nyingine nyingi ambazo hazitajwi barazani wala hazisifiwi arusini, na bila ya hizo daktari mwenyewe hufungika mikono. Mwezi huu tumeona kheri kuwaeleza wasomaji wetu, khasa vijana, khabari za mmoja katika watu hao, naye ni fundi wa mashine ya kusafisha damu. Tutaeleza anachokifanya, elimu anayotakiwa kuwa nayo, na sababu ya sisi kuiita kazi yake amana kubwa.

FIGO NA MASHINE

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mkono. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana, kuondoa uchafu na maji yaliyozidi, na kuyapeleka kibofuni yawe mkojo. Maradhi ya sukari na presha ya damu ndiyo yanayoongoza katika kuziharibu. Zikishindwa kabisa, uchafu hujaa mwilini. Mgonjwa huvimba miguu, hukosa pumzi na hutapika. Na potasiamu ikizidi katika damu yake moyo waweza kusimama ghafula. Mtu huyo husaidiwa kwa kutiliwa figo ya mtu mwingine au kwa kusafishwa damu, na njia ya kusafisha inayotumika zaidi hospitalini ni ya mashine.

Mashine ya kwanza iliyomfaa mwanadamu ilitengenezwa na daktari wa Kiholanzi, Willem Kolff, katika mji wa Kampen, mwaka 1943, nchi yake ikiwa imetekwa na Wajerumani. Vitu vilikuwa adimu kwa ajili ya vita, naye akatumia mirija ya selofeni ya aina iliyokuwa ikifungiwa nyama viwandani. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Hakuacha, na mwezi wa Septemba 1945 mama mmoja wa miaka 67, aliyekuwa hana fahamu, akazindukana. Hata hivyo ilikuwa taabu kumsafisha mtu mara nyingi, kwa kuwa kila mara mshipa ulikuwa ukiharibika. Mwaka 1960 Belding Scribner, daktari wa Seattle, Marekani, alitumia mrija wa tefloni unaobaki mkononi mwa mgonjwa, na tangu hapo mtu ambaye figo zake zimekufa akaweza kuishi miaka. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakaeleza njia ya kuunganisha mishipa miwili ya mkono ili upatikane mmoja wenye nguvu wa kuchomwa sindano, nayo ndiyo inayopendelewa hata leo.

Kwetu Afrika Mashariki huduma hii kwa muda mrefu ilikuwa katika hospitali chache za miji mikubwa. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya tiba, na kwa mpango huo mashine za kusafisha damu zikafika katika hospitali za kaunti. Tanzania nayo inayo huduma hii katika hospitali zake za umma, miongoni mwao Muhimbili ya Dar es Salaam na Benjamin Mkapa ya Dodoma. Basi mashine zimekuja karibu na watu. Linalobaki ni wenye kuzitunza, maana mashine iliyoharibika bila ya fundi ni kabati tu, na mgonjwa aliyeandikiwa kuja Jumatatu hawezi kungoja hadi mwezi ujao.

MAJI YA LITA 120

Mgonjwa huja mara 2 au 3 kwa juma, na kila mara hukaa kitini muda wa saa 4 hivi. Damu hutolewa mwilini kwa mpira, hupita ndani ya chujio, kisha hurudi. Ndani ya chujio hilo mna maelfu ya nyuzi nyembamba mfano wa unywele, zilizo wazi katikati kama mirija. Damu hupita ndani ya nyuzi, na nje yake hupita maji yaliyotiwa chumvi na magadi kwa kipimo. Uchafu huvuka kutoka katika damu kuingia katika maji, na maji hayo humwagwa.

Tutazame hesabu yake. Kwa kawaida maji yanayopita katika chujio ni mililita 500 kila dakika, na kwa muda wa saa 4 yanakuwa lita 120. Mtu anayekunywa lita 2 kwa siku atahitaji siku 60 kuyamaliza maji kadiri hiyo. Tena maji ya kunywa hupita tumboni na matumboni, na mwili hupata nafasi ya kuyakataa mengi yenye madhara. Haya ya mashine yametengana na damu kwa utando mwembamba tu. Uchafu mdogo usiomdhuru mnywaji waweza kumuua aliyeunganishwa na mashine.

Kwa hiyo maji ya mfereji hayatumiki hivi hivi. Hupitishwa kwanza katika chujio la mchanga, kisha katika mitungi ya mkaa inayonyonya klorini, na katika mtungi unaopunguza ugumu wa maji. Mwisho husukumwa kwa nguvu kupita katika utando usiopitisha karibu kila kitu ila maji yenyewe. Dawa ya klorini ambayo halmashauri za maji huitia kwa ajili ya kuua vijidudu ni rehema kwa mnywaji. Ikifika katika chujio la damu, huzipasua chembe nyekundu. Kipimo kilichokubaliwa ni kuwa isizidi miligramu 0.1 katika lita moja, na hupimwa kabla ya kila zamu ya wagonjwa.

Tusidhani kuwa ni tahadhari ya bure. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Denver, Marekani, waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wao waliokuwa wakipoteza kauli na akili walikuwa wamejaa aluminiamu mwilini, na maji yakawa miongoni mwa njia zilizoiingiza. Na mwaka 1996, katika mji wa Caruaru huko Brazil, palikuwa na ukame; kituo kimoja cha kusafisha damu kikaletewa kwa lori maji ya bwawa yasiyosafishwa kama inavyopasa. Maji hayo yalikuwa na sumu ya mwani. Wagonjwa zaidi ya 100 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa kwa kuharibika maini. Walikuwa wamekuja kutafuta uhai.

KAZI ZAKE TANGU ASUBUHI

Fundi hufika kabla ya wagonjwa. Hufungua mtambo wa maji, huyaacha yapite, kisha huchukua maji baada ya mtungi wa mkaa na kuyapima klorini, akaandika katika daftari kipimo, saa na jina lake. Kipimo kikizidi, mgonjwa yeyote asiunganishwe, hata kama amesafiri kutoka mbali na jamaa zake wanalalamika mlangoni. Baada ya hayo huzitazama mashine moja moja. Huhakikisha kwamba dawa iliyotumiwa kuziosha haikubaki ndani, kwamba joto la maji ni kadiri ya joto la mwili, na kwamba chumvi imechanganyika sawasawa. Humwonjesha kila mashine king'ora chake, ajue kuwa kitalia penye haja: hewa ikiingia katika mpira wa damu, chujio likivuja, au presha ikipanda na kushuka.

Mgonjwa akiwa kitini, muuguzi ndiye mwenye kumtazama, na fundi husimama karibu. King'ora kikilia, hukitafutia sababu kabla ya kukinyamazisha. Umeme ukikatika, yeye na wauguzi hujua namna ya kuizungusha pampu kwa mkono ili damu ya mgonjwa irudi mwilini isigande nje. Mgonjwa akiondoka, mashine husafishwa kwa dawa, na kiti chake kadhaalika. Wenye homa ya ini ya aina ya B hutengewa mashine yao. Kila mwezi fundi hupeleka maji maabara yakatazamwe vijidudu, huosha mabomba kwa dawa, na hubadilisha vyombo vilivyochakaa kabla havijavunjika.

Ana mipaka pia. Hapangi dawa, wala habadilishi muda alioandika daktari kwa kuwa mgonjwa amemwomba atoke mapema. Mgonjwa akimwuliza juu ya saumu ya Ramadhani, si kazi yake kutoa fatwa wala tiba. Amwelekeze kwanza kwa daktari, kisha kwa mwanachuoni, awaeleze hali yake wote wawili.

ELIMU NA TABIA

Nchi hazilingani katika jambo hili. Marekani fundi hufunzwa pia kumchoma mgonjwa sindano na kumhudumia kitini, na kwa kanuni za mwaka 2008 inampasa awe na cheti cha sekondari, amalize mafunzo maalumu, na apate shahada ya kutambuliwa katika muda wa miezi 18 tangu kuajiriwa. Kwetu kazi hizo zimegawanyika zaidi: muuguzi aliyesomea maradhi ya figo humshika mgonjwa, na fundi wa vifaa vya tiba hushika mashine na maji. Kwa hiyo kijana ana milango miwili. Anayependa kuhudumia watu na asome uuguzi, kisha azidishe elimu ya figo. Anayependa vyombo na asome ufundi wa vifaa vya tiba; Kenya hufundishwa katika chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC, na Tanzania katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Baada ya chuo hujifunza mashine yenyewe chini ya mafundi wenye uzoefu. Milango yote miwili yataka fizikia, kemia, elimu ya viumbe na hesabu, pamoja na Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vya mashine. Na kabla ya kuanza kazi achanjwe homa ya ini, kwani atakuwa karibu na damu kila siku.

Tabia zinazotakiwa hazipatikani chuoni peke yake. Siri za wagonjwa atazihifadhi, na mgonjwa aliyechoka na maradhi atamvumilia. Lakini juu ya zote twauweka ukweli wa daftari. Fundi aliyechelewa anaweza kuandika kipimo cha jana bila ya kupima, wala hapana atakayejua. Mgonjwa hawezi kuyaonja maji, na daktari hakuwapo asubuhi. Anayejua ni fundi na Mola wake. Mtoto aliyezoezwa nyumbani kusema kweli asipoonwa, huyo ndiye tunayemtaka asimame mbele ya mtungi wa mkaa. Wala hatuwasemei wavulana tu. Binti zetu wanaifaa kazi hii, na mama mgonjwa huona raha zaidi akihudumiwa na mwanamke mwenziwe.

Wanachuoni wetu waliiweka elimu ya tiba katika fardhi za kutoshelezana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika masomo yenye cheo na kuiacha tiba, hata miji ikakosa tabibu Mwislamu. Tabibu wa leo hawezi kufanya kazi bila ya fundi. Basi fardhi hiyo imemfikia fundi pia.

Twawaomba wazazi wenye watoto katika vidato vya sekondari wazitazame alama zao za fizikia na hesabu mwaka huu, wasingoje mtihani wa mwisho. Na twawaomba walimu wenzetu wa madrasa waitaje kazi hii mbele ya wanafunzi wao. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, na awajaalie watumishi wao kuwa watu wa kuaminiwa. Amin.